Kristen Nygaard, mtu wa Norwe aliyeandika kazi ndani ya ordinateri, kisha akawafungulia wafanyakazi

Vijana wetu wa Luberizi, Sange na Luvungi wanaoanza kujifunza kuandika programu za ordinateri wanakutana upesi sana na maneno mawili: klasi na obje. Wengi wanashika maneno hayo kama sala, bila kujua yalitoka wapi. Yalitoka Oslo, mji mkuu wa Norwe, kwa watu wawili, Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl. Leo tunasimulia maisha ya Nygaard, juu yeye hakuishia kwenye ordinateri. Alikwenda pia mpaka kwa wafanyakazi wa chuma na kukaa nao miaka, na ile aliyoifanya kule inawagusa watu wa migodi hata leo.

Urani ya kwetu kule Kjeller

Nygaard alizaliwa Oslo tarehe 27 mwezi wa nane 1926. Alikuwa na miaka 13 wakati majeshi ya Ujerumani yalipoingia Norwe mwezi wa nne 1940, na nchi yake ilikaa chini ya wageni mpaka mwezi wa tano 1945. Kijana alipenda hesabu. Mwaka 1948 aliingia kazini katika kituo cha utafiti cha jeshi la Norwe, kule Kjeller, karibu na Oslo.

Wakati ule Norwe na Uholanzi walikuwa wanajenga pamoja reaktere ndogo ya atomu. Norwe ilitoa maji mazito, Waholanzi wakatoa urani. Na akiba ile ya Waholanzi ilitoka wapi? Waliinunua mwaka 1939, mbele ya vita kuwafikia, karibu tani 10 za oksidi ya urani, kwa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyokuwa inachimba Shinkolobwe. Kumbe hesabu za kwanza za Nygaard zilikuwa juu ya jiwe lililotolewa na wachimbaji wa Kongo.

Hesabu zile zilikuwa ngumu, na Kjeller hapakuwa na ordinateri. Watu walihesabu kwa mkono, na mashine ndogo za kujumlisha. Nygaard alitumia njia ya kubahatisha kwa namba: unachukua chembe moja, unaifuata safari yake ndani ya urani hatua kwa hatua, unaandika imefika wapi, kisha unachukua nyingine, na nyingine, mara mingi, mpaka picha yote inaonekana. Ni kama mtu anayetaka kujua soko la Luberizi linakwenda namna gani, anamfuata mama mmoja tangu asubuhi mpaka jioni, kisha mama mwingine. Tabia hiyo ya kumfuata kila mmoja na maisha yake ilibaki kichwani mwake. Mwaka 1956 alimaliza masomo yake ya juu ya hesabu katika Chuo Kikuu cha Oslo, na kazi aliyoandika ilikuwa juu ya njia hiyohiyo.

Nyumbani alikuwa na mke wake Johanna, na walizaa watoto watatu. Mama Johanna alifanya kazi katika shirika la Norwe la msaada kwa nchi nyingine, na kwa miaka kadhaa kazi yake ilikuwa kutafuta na kusaidia wataalamu waliotumwa Afrika ya Mashariki.

Mstari wa magari kwenye barière

Mwaka 1960 Nygaard aliacha kituo cha jeshi na kuingia katika Kituo cha Norwe cha Hesabu, kule Oslo. Watu walimletea matatizo ya kazi za kweli: meli zinasubiri bandarini, watu wanapanga mstari, vyuma vinasubiri mashine ndani ya kiwanda. Walitaka kujua mbele ya wakati kazi itakwama wapi.

Namna ya kuandika programu wakati ule ilikuwa orodha ndefu ya amri, moja chini ya nyingine. Namba zilikaa upande mmoja, amri upande mwingine. Kwa hesabu ya mshahara ilitosha. Lakini ukitaka kuonyesha bandari nzima, na meli 40 ambazo kila moja iko na mzigo wake na saa yake ya kufika, orodha ile inakuwa kama kamba zilizofungana. Ukigusa moja, zote zinavutika.

Mwaka 1961 Nygaard alianza kufikiri lugha mpya ya kumwambia ordinateri mambo hayo. Alimwita Ole-Johan Dahl, aliyekuwa amefanya kazi naye Kjeller, mtu mpole, mdogo kwake kwa miaka mitano, ambaye alijua ordinateri kwa ndani kuliko watu wengi wa Norwe. Nygaard alileta picha ya kazi za watu, Dahl akaleta ujuzi wa mashine. Lugha yao wakaiita Simula.

Pesa ya mashine kubwa hawakuwa nayo. Mwaka 1962 Nygaard alisafiri Marekani, kwa kampuni iliyotengeneza ordinateri ya UNIVAC 1107, na mapatano yakafanyika: Kituo cha Oslo kitapata mashine kwa bei iliyopunguzwa sana, nacho kitaandika Simula kwa ajili ya mashine hiyo. Ordinateri ilifika Oslo mwezi wa nane 1963, na mwanzo wa 1965 Simula ya kwanza ikaanza kutembea. Kijana anayelalamika leo kwamba hana ordinateri akumbuke jambo hili: sehemu kubwa ya mawazo ya Simula ilifikiriwa kwa chaki, kwenye ubao, mbele ya mashine kufika.

Kule ubaoni hawakuwa wanaongea kwa sauti ndogo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1967 mfanyakazi mpya alikimbia kwa mama wa simu pale mlangoni, akamwambia kuna wanaume wawili wanapigana kule juu mbele ya ubao. Mama yule akatoka, akasikiliza kidogo, akamtuliza: ni Dahl na Nygaard tu, wanazungumza Simula.

Ugomvi wao mkubwa ulifunguka kwa mfano mmoja ambao sisi wa barabara ya taifa namba 5 tunaujua vizuri: daraja lenye barière ya kulipia, na mstari wa magari. Mstari ni mmoja, lakini magari hayafanani. Lori iko na tani za mzigo. Basi iko na abiria. Je, mtu aandike mstari wa malori peke yake, kisha aandike tena ule wa mabasi? Mwisho wa 1966 na mwanzo wa 1967 walipata jibu. Unaandika mara moja gari kwa jumla: iko na namba, inafika, inapanga mstari, inalipa, inakwenda. Kisha unaandika kwamba lori ni gari lenye kitu cha ziada, yaani mzigo, na basi ni gari lenye abiria. Lori na basi zinarithi yote ya gari, kila moja inaongeza yake. Barière haina haja ya kujua ni aina gani inayokuja. Inajua tu kwamba ni gari, na gari linajua kulipa.

Maelezo ya gari kwa jumla waliyaita klasi. Kila gari moja lililo ndani ya mstari waliliita obje. Kwa mtu wa hapa, klasi ni kama lile sanduku la mbao la kubumbia matofali, na obje ni tofali lenyewe. Sanduku ni moja, matofali ni mengi. Tofauti ni kwamba obje iko na kumbukumbu yake na inajua kufanya kazi zake. Simula hiyo mpya, inayoitwa Simula 67, walianza kuionyesha mbele ya wataalamu wa nchi nyingine mwezi wa tano 1967, katika mkutano wa Lysebu, Oslo.

Swali lililomsumbua

Mtu mwingine angeridhika hapo. Nygaard aliona jambo lingine. Wakubwa wa viwanda walianza kutumia Simula kupanga kazi ya watu: mfanyakazi huyu asimame wapi, mashine ile ilishwe dakika gani, nani anazidi kwa hesabu. Wale waliopangwa hivyo hawakuulizwa kitu, na hata wakionyeshwa karatasi za programu hawangeelewa hata mstari mmoja. Nygaard alielewa kwamba chombo alichokitengeneza kwa mikono yake kinaweza kubana watu ambao hawana sauti.

Hakuacha ordinateri, na hakukaa kimya pia. Alienda kwa sendika ya wafanyakazi wa chuma na metali wa Norwe. Mwanzo hawakumfahamu. Mtu wa hesabu, aliyetoka kituo cha jeshi, anatafuta nini kwa watu wa nyundo na moto? Lakini wale wa sendika nao walikuwa na hofu yao, kwa sababu ordinateri zilikuwa zimeanza kuingia viwandani na wao hawakujua waombe nini. Mwaka 1971 kazi ya pamoja ikaanza, ikaendelea mpaka 1973.

Mara ya kwanza mpango ulikuwa wa kawaida: wataalamu waangalie, waandike ripoti, waipeleke kwa sendika. Nygaard na wenzake waliona kwamba ripoti zitalala kwenye meza. Basi wakageuza mpango mzima. Wakakubaliana kwamba matokeo ya kazi hii yatakuwa yale ambayo sendika yenyewe itafanya kwa sababu ya kujifunza. Kama watu wa kiwanda hawakufanya kitu, basi mradi haukuzaa, hata kama vitabu viliandikwa. Wafanyakazi walikaa katika vikundi, wakasoma masomo yaliyoandikwa kwa lugha yao, wakachora kazi yao wenyewe: kitu gani kinatoka wapi, nani anakigusa, nani anaandika, nani anasoma kilichoandikwa. Kisha wakaenda kwa patron na madai yao.

Matunda yalikuja. Mwaka 1975 muungano mkubwa wa sendika za Norwe na chama cha waajiri walitia saini mapatano ya nchi nzima juu ya ordinateri kazini. Mwajiri akiwa anataka kuleta mashine ya kuhesabu au kufuata kazi, lazima aeleze wafanyakazi mbele, na kwa maneno ambayo mtu asiye mtaalamu anaelewa. Wafanyakazi wakapata haki ya kuchagua mwenzao wa kufuata mambo ya ordinateri kwa niaba yao. Mwaka 1977 sheria ya nchi juu ya mahali pa kazi ikaweka mambo ya namna hiyo ndani yake. Uswidi na Denmark wakafuata njia hiyo kwa miradi yao.

Simula inazaa watoto

Wakati Nygaard yuko na watu wa chuma, mawazo yake na Dahl yalikuwa yanatembea dunia. Mwaka 1966 kijana wa Marekani, Alan Kay, alikutana na Simula katika Chuo Kikuu cha Utah, na baadaye yeye na wenzake wakatengeneza lugha ya Smalltalk. Bjarne Stroustrup wa Denmark alitumia Simula alipokuwa anasoma Cambridge, Uingereza, na mwaka 1979 akaanza kazi iliyozaa C++. Python ilitoka 1991, Java ikatoka 1995. Programu nyingi za simu za Android zimeandikwa kwa Java au kwa lugha za ukoo huo. Hivyo simu iliyo mfukoni mwako imejaa klasi na obje za ukoo wa Simula.

Nygaard mwenyewe alifundisha Aarhus, Denmark, mwaka 1975 na 1976, kisha akawa profesa Oslo mpaka 1996. Pamoja na wenzake wa Denmark alitengeneza lugha nyingine, BETA. Na siasa hakuiacha. Kuanzia 1990 mpaka 1995 aliongoza chama cha raia waliokataa Norwe kuingia Umoja wa Ulaya, chenye watu zaidi ya 140 000 katika nchi ya watu milioni nne na kidogo. Tarehe 28 mwezi wa kumi na moja 1994 raia walipiga kura, na asilimia 52,2 wakasema hapana. Wenye serikali na magazeti makubwa walikuwa upande wa ndiyo. Kuna wanaomlaumu mpaka leo kwa kura ile, na kuna wanaomshukuru.

Mwanafunzi aanze wapi

Katika miaka yake ya mwisho mzee Nygaard alirudi kwa swali lililoonekana dogo: mtu anayeanza afundishwe namna gani? Aliona waalimu wengi wanaanza na mifano midogo sana, mistari mitatu ya kuandika jina au kujumlisha namba mbili. Mwanafunzi anafanikiwa, anafurahi, lakini hajaona bado kwa nini klasi na obje zipo. Akifika mbele anaandika ileile orodha ndefu ya zamani, amebadilisha majina tu. Kwa Nygaard, mtu aanze na jambo lenye uzito wa kutosha, ambalo analijua kwa macho. Yeye alipenda mfano wa restora: wateja wanaingia, watumishi wanachukua maagizo, wapishi wanapika, meza zinajaa na kuachwa. Hapo mwanafunzi analazimika kuuliza ni nani yupo, kila mmoja anakumbuka nini, anaweza kufanya nini, na anamwomba nani. Mwaka 2002 Norwe ilikuwa imeanza mradi mzima wa kutafuta mafundisho ya namna hiyo, na yeye alikuwa ndani yake.

Tuchukue njia hiyo kwa mfano wetu. Kijana aliyekwenda Kamituga au Misisi ajue kwamba mfano mzito anao tayari. Achukue daftari na kalamu. Ni nani na nini viko pale? Shimo, PDG wa shimo, wachimbaji, wanaoweka miti ili shimo lisianguke, wabebaji, mama wanaotwanga mawe, mnunuzi, mizani, gunia. Kila kimoja kinakumbuka nini? Gunia linakumbuka kilo zake, shimo lilipotoka, siku, na nani alilitoa. Kinaweza kufanya nini? Gunia linaweza kupimwa, kugawanywa, kuuzwa. Mchimbaji, mbebaji na mama wa kutwanga wote ni wafanyakazi: wako na jina, wako na deni, wanalipwa. Hayo yanaandikwa mara moja kwa klasi ya mfanyakazi, na wao wanarithi, kila mmoja anaongeza yake. Mizani haimruhusu mtu kufungua ndani yake na kubadilisha namba. Unaiuliza uzito, inajibu. Ukimaliza daftari ndipo unafungua Python au Java, na utaona kwamba kazi nusu imekwisha.

Hapo pia ndipo maisha ya Nygaard yanarudi kwetu. Magunia ya kasiterite na koltani ya Kivu ya Kusini yanafungwa etiketi zenye namba, na namba zinaingia ndani ya ordinateri mbali na shimo. Yule aliyeandika klasi ya gunia ndiye aliyeamua mashine itakumbuka nini. Kama aliweka mahali pa kilo na mahali pa mnunuzi, lakini hakuweka mahali pa mchimbaji, basi ndani ya mashine ile mchimbaji hayupo, hata kama alishinda siku tatu chini ya ardhi. Siku ya ugomvi ataambiwa ordinateri haimjui, na ni kweli, haimjui. Ordinateri haina ubaya wala huruma. Inashika kile ilichoandikiwa. Ndiyo maana Nygaard alitaka mtu wa kazi ajue kuuliza: ndani ya programu yenu, mimi ni nani, munaandika nini juu yangu, na nani anaweza kukisoma?

Kifo chake

Heshima zilikuja kwa kuchelewa. Mwaka 1990 alipewa zawadi ya Norbert Wiener, kwa ajili ya kutetea watu mbele ya mashine. Mwaka 2000 mfalme wa Norwe alimpa yeye na Dahl nishani ya Mtakatifu Olav. Kisha wote wawili wakapewa zawadi ya Turing ya mwaka 2001, ambayo kwa watu wa ordinateri ni kama Nobel. Dahl alifariki tarehe 29 mwezi wa sita 2002. Wiki sita baadaye, tarehe 10 mwezi wa nane, moyo wa Nygaard ukasimama, kule Oslo. Zilibaki siku 17 afikishe miaka 76.

Leo kuna zawadi ya kila mwaka inayoitwa kwa majina yao wawili, Dahl na Nygaard. Ule mradi wa kufundisha wanaoanza, wenzake waliuendeleza bila yeye. Kwa baba na mama wa mgodi wanaosoma hapa, kama mtoto wenu anasema anataka kujifunza programu, musimwambie kwamba ni mambo ya wazungu au ya watu wa Kinshasa. Mwambieni aanze na kazi yenu. Aje akae karibu nanyi, aandike nani anafanya nini, na musiache jina hata moja lisahauliwe.